Simba Mwene Gizani: Uhakiki wa Onyesho Moja la Katuni, Mazinde

Utangulizi

Muhula uliopita, katika semina ya fasihi simulizi, tulipewa kazi ya kuhakiki onyesho lolote la sanaa tulilowahi kulishuhudia kwa macho yetu. Mwenzetu mmoja wa mjini akatugeukia sisi wa mikoani na kuuliza: "Sasa nyie mtahakiki nini, wakati kwenu hata jumba la sinema hakuna?" Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka, maana ukinuna ndiyo umekwisha. Lakini swali lile lilinikaa. Kwetu ni Mazinde, Wilaya ya Korogwe, kando ya barabara kuu ya kwenda Moshi, mkonge huku na milima ya Usambara kule. Jumba la sinema kweli hatuna. Tulikuwa na kibanda umiza.

Ndugu msomaji bila shaka analijua jina hilo. Kibanda umiza ni banda la video ambalo ukitoka humo mgongo unauma kwa sababu ya benchi, na mbavu zinauma kwa sababu ya jirani yako. Makala haya yanahakiki onyesho moja lililofanyika katika banda la namna hiyo mwezi Desemba 2013, nilipokuwa mtoto wa miaka kumi. Hoja yangu ni kwamba kilichotokea siku ile kilikuwa fasihi simulizi kamili, tena yenye kubishana na filamu ya Kimarekani na kuishinda katika jambo moja kubwa. Sitaficha udhaifu wake, kwani upo, na mwingine uliumiza watu.

Chimbuko: kutoka Vugiri hadi deki

Wengi hudhani sinema ilikuja vijijini kwetu juzi, pamoja na deki za Dubai. Si kweli. Kati ya mwaka 1935 na 1937, pale Vugiri, milimani katika Korogwe hii hii, palikuwa na makao ya mradi wa filamu ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, yaani jaribio la sinema ya elimu kwa Wabantu. Fedha nyingi zilitoka shirika la Carnegie la New York. Waliouendesha walikuwa L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba ya mkonge huku kwetu, na G. C. Latham, aliyekuwa mkuu wa elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini. Walitengeneza filamu 35 kuhusu mambo kama kodi, ngozi, kahawa, malaria na minyoo ya safura, wakazitembeza kwa lori Afrika Mashariki na Kati. Picha zenyewe hazikuwa na sauti. Maneno yalirekodiwa kwenye sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo, yakapigwa sambamba na picha. Kati ya filamu zote hizo tatu tu ndizo zinazojulikana kuwapo hadi leo.

Nayataja haya kwa sababu mbili. Kwanza, Notcutt alianza kuifikiria sinema akiwa kwenye mkonge. Alitaka kuona kama picha za usiku zingewafanya vibarua waridhike na kambi. Kwa hiyo burudani ya manamba ilifikiriwa kwanza kama chombo cha kuwatuliza, na hilo tulikumbuke tunapomcheka nyapara huko mbele. Pili, tangu mwanzo picha zilikuja bila sauti, na sauti ya kwetu ikabandikwa juu yake. Kitengo cha Filamu za Makoloni kilichoanzishwa London mwaka 1939 kiliendelea hivyo hivyo, kikiwatumia wafafanuzi wa kienyeji waliosimama kando ya gari la sinema na kuwaeleza watu kinachoendelea. Mkuu wake, William Sellers, alishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika anahitaji picha za polepole zisizo na hila za kamera, ama sivyo hataelewa. Ningependa Bwana Sellers angewaona watoto wa Mazinde wakimtazama paka aliyebanwa na mlango akawa bapa kama chapati, halafu akajikung'uta na kuendelea kukimbia. Hakuna aliyeuliza maana yake.

Mfafanuzi wa lile gari hakufa. Video zilipoenea miaka ya 1980 na 1990, akazaliwa upya kama mtafsiri. Hapa Tanzania jina kubwa ni Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, ambaye kanda zake zilizotiwa maneno ya Kiswahili zilisambaa nchi nzima. Uganda wana VJ Jingo, Kenya wana DJ Afro. Wala jambo hili si la Afrika peke yake. Ujapani, zama za filamu bubu, kila jumba lilikuwa na msimulizi wake aliyeitwa benshi, na watu walilipa kiingilio kumfuata yeye kuliko nyota wa filamu. Kwa hiyo mtu akisema mtafsiri wa kibandani ni ujanja wa watu wasiojua Kiingereza, mwambieni akasome historia.

Mahali, wakati na hadhira

M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 ndani ya jarida la Mulika, anatufundisha kwamba fasihi simulizi ni tukio, na tukio hilo hutawaliwa na fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Basi tulipime banda letu kwa kipimo hicho.

Mahali: banda la mabati lisilo na dirisha, karibu na barabara. Mabenchi ya mbao, televisheni mbili za chogo zilizobebana, spika moja ya kukoroma, na pazia jeusi mlangoni la kuzuia wasiolipa. Siku za kawaida ni mipira na filamu za ngumi. Lakini kila Desemba, shule zikifungwa, mwenye banda alikuwa na jambo lake. Aliandika ubaoni kwa chaki: LEO KATUNI KUTWA. Kiingilio shilingi 100 kwa mtoto. Alianza saa tatu asubuhi na kufunga magharibi, siku tatu mfululizo. Yeye mwenyewe aliliita tamasha. Mwaka ule wa 2013 aliongeza mstari wa pili: MGENI RASMI, MTAFSIRI KUTOKA TANGA, ATAKUWEPO MWENYEWE.

Nalazimika kusimama kidogo kwenye neno "mwenyewe". Sisi sauti za watafsiri tulizijua kutoka kwenye sidii. Kumwona mtu mwenye sauti amekaa kwenye stuli, ameshika maiki, anakunywa soda, kulikuwa kama kumwona mtangazaji wa redio akitoka ndani ya redio. Watu wazima nao walikuja, wakasimama nyuma. Kati yao alikuwemo baba yangu mdogo, ambaye ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki.

Hadhira nayo ina historia yake. Mashamba ya mkonge ya Tanga yalikusanya watu wa kila upande: Waha, Wabena, Wangoni, Wamakonde, Warundi, na tangu 1944 ilikuwepo ofisi ya SILABU kwa kazi hiyo ya kuwaandikisha na kuwasafirisha. Wajukuu wao ndio waliojaza benchi pamoja na Wasambaa na Wazigua. Lugha iliyotuunganisha pale ni Kiswahili tu. Katuni ya Kiingereza isingetuunganisha, ingetutenga mafungu mawili, waliosoma na wasiosoma.

Fani: paka nyapara na neno "baba mdogo"

Asubuhi alianza na Tom and Jerry. Katuni hii karibu haina maneno, na hapo ndipo mtafsiri anapopimwa, kwani hana cha kutafsiri. Anatunga. Paka alimpa jina la Nyapara, panya akamwita Kibarua. Jibini ikawa posho. Kila panya alipoiba jibini, mtafsiri alisoma kama msomaji wa daftari la mahudhurio: kibarua namba fulani, amekatwa siku mbili. Sisi watoto tulicheka kwa sababu paka alipigwa na kikaango. Wazee waliosimama nyuma walicheka kwa sababu nyingine, na kicheko chao kilikuja nusu sekunde baada ya chetu. Sikuelewa siku ile. Leo naona kwamba onyesho moja lilikuwa na hadhira mbili, na fanani alizihudumia zote kwa sentensi moja. Huo ni ufundi ambao katika riwaya tungeuandikia insha nzima.

Saa nane mchana ikaja The Lion King, ya mwaka 1994. Filamu hii tulikuwa tumeiona kabla kwenye sidii iliyotafsiriwa na mtu mwingine. Hebu tuitazame kwa makini, maana inatuhusu kuliko tunavyodhani. Majina yake mengi yametoka kwetu: Simba, Rafiki, Pumbaa, na yule fisi Shenzi. Lakini wenye majina hayo wanazungumza Kiingereza cha Marekani. Mtoto wa Mazinde anasikia jina lake likiitwa, halafu anayeliita hageuki kuongea naye.

Sasa tatizo la tafsiri. Scar ni mdogo wake Mufasa, na Simba anamwita kwa neno la Kiingereza linalobeba ndugu wote wa baba na wa mama bila kuwabagua. Kiswahili hakikubali uvivu huo. Lazima uchague: mjomba, baba mkubwa au baba mdogo. Mtafsiri wa ile sidii alisema "mjomba". Ni kosa. Mjomba ni ndugu wa mama, anatoka ukoo mwingine, hawezi kudai kiti cha Mufasa. Mgeni wetu alisema "baba mdogo", na pale pale filamu ikabadilika. Simba mdogo anapoulizia kwa imani kule bondeni, hamwulizi tena jamaa fulani wa ukoo. Anamwuliza baba yake. Aliyemwua baba ni baba. Ilipofika Mufasa anatupwa chini, yule bwana alishusha maiki na kusema taratibu, bila kuigiza: "Baba mdogo, huyo." Banda zima kimya.

Nikiri kitu. Mimi nilimchukia yule mtafsiri dakika ile. Baba mdogo wangu alikuwa nyuma yangu, mtu aliyeniuzia mbuzi wake nikapate sare ya shule, na sasa watoto wenzangu walinigeukia wakinitazama. Neno sahihi linaweza kumwonea mtu asiyehusika. Nadhani wahakiki tunasahau hilo tunaposifia usahihi.

Umeme unakatika

Simba mdogo anakimbia, fisi wanamfuata, mara umeme ukakatika. Giza. Kwa kawaida hapo ndipo fujo huanza: rudisha hela zetu. Mwenye banda alikuwa keshaanza kuomba radhi. Mtafsiri akasema bila maiki: "Kaeni. Mimi sijakatika."

Akaendelea. Kwanza alimkimbiza Simba kama ilivyo kwenye filamu, kisha taratibu akamhamisha. Simba akapita nyika ya Mkomazi, akavuka mkonge, miiba ikimchoma. Akafika kwa watu asiowajua wanaosumbuliwa na nguruwe mashambani. Hapo mzee mmoja nyuma akaguna, kwani alishatambua. Simba akawaulia nguruwe, akawagawia nyama, yeye akabakiza kidogo. Watu wakamletea ugomvi wao, akauamua. Wakampa mke, wakampa nyumba. Mzee yule akadakia gizani: "Wakampeleka Vugha!" Na watu wazima wakaitikia kwa pamoja: "Simba Mwene!"

Kwa msomaji asiye wa huku: hiyo ni habari ya Mbega. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy aliiandika katika Habari za Wakilindi. Mbega alikuwa mwindaji wa Nguu, aliyeota meno ya juu kwanza, jambo lililohesabiwa nuksi. Wazazi wake walipokufa, ndugu zake walimnyima urithi, akaondoka. Alikwenda akiwinda nguruwe na kugawa nyama, hadi Wasambaa wakamfanya mfalme, na wafalme wa ukoo wake wa Kilindi wakaitwa Simba Mwene. Maana yake, ukipenda, ni Mfalme Simba. Mazinde yenyewe ilikuwa boma la Semboja, mwana wa Kimweri, wa ukoo huo huo. Kumbe ile sinema ilikuja na jina ambalo pale pale palikuwa na mwenyewe.

Umeme ulirudi baada ya kama nusu saa. Mwenye banda akawasha, na picha ikaendelea pale ilipoachia: nguruwe pori na mwenzake wanaimba. Watu wakazomea. Nguruwe! Huyo si ndiye tumemla sasa hivi? Sijawahi kusikia zomeo la furaha namna ile.

Maudhui: kiti cha damu na kiti cha nyama

Jioni tulipokuwa tunarudi nyumbani baba mdogo alinyamaza muda mrefu. Niliogopa kuwa ameudhika na lile neno. Kisha akasema: "Umeona lakini? Mbega hakurudi Nguu kuua mtu."

Hiyo ndiyo hoja bora ya uhakiki niliyopata kuisikia kuhusu filamu hii, na ilitoka kwa fundi baiskeli. Katika The Lion King kiti ni cha damu. Simba ni mfalme kwa sababu baba yake alikuwa mfalme. Nchi inakauka anapokuwa hayupo na inanyeshewa anaporudi, kana kwamba hata mvua inasoma nasaba. Raia, yaani swala na punda milia, hawaulizwi. Katika habari ya Mbega kiti ni cha nyama. Mtu aliyenyimwa haki na nduguze anakwenda kwa wageni, anawalisha, anawaamulia kwa haki, nao ndio wanaompa ufalme. Urithi aliopokonywa hakuurudia kwa upanga.

Sisemi Wakilindi walitawala kwa nyama tu. Baada ya Kimweri, wanawe na wajukuu walipigana vibaya, na Semboja wetu alikuwa katikati ya mapigano hayo. Utawala wa ukoo ni utawala wa ukoo. Lakini kama hadithi, kama fundisho kwa mtoto aliyefiwa na baba, tofauti ni kubwa. Hadithi moja inamwambia: kua, rudi, mpige baba yako mdogo. Nyingine inamwambia: nenda, fanya kazi, gawa. Mtafsiri hakutoa hotuba. Alibadili njia ya mkimbizi tu, na maudhui yakageuka yenyewe.

Udhaifu

Sasa upande wa pili. Kwanza, wale fisi. Mgeni wetu aliwapa lafudhi ya kabila moja la watu waliokuja na mkonge, na watu wakacheka sana. Shule ilipofunguliwa, mwanafunzi mwenzetu wa kabila hilo akawa anaitwa Fisi hadi alipomaliza darasa la saba. Huko Marekani kwenyewe wapo waliowalaumu watengenezaji wa filamu hii kwa sauti walizowapa fisi, kwamba zinawaigiza watu wa tabaka la chini wasio Wazungu. Mtafsiri aliupokea ugonjwa ule ule akauvika kanzu ya kwetu. Fanani anayejua kutumia neno "baba mdogo" kwa uzito hana udhuru wa kutojua uzito wa lafudhi.

Pili, wanawake. Siku za kawaida msichana akionekana kibandani alisemwa mtaa mzima. Tamasha la katuni ndilo lililovunja mwiko huo, kwa kuwa lilikuwa la mchana na la watoto. Dada yangu aliingia mle siku hizo tatu tu kwa mwaka, na ndiye aliyeisimulia habari ile nyumbani kwa mama vizuri kuliko mimi. Hata hivyo, katika usimulizi wenyewe simba majike hawakupewa hata sentensi moja ya maana.

Tatu, haki miliki. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, banda lile na mtafsiri wake walikuwa wezi, na sitabishana na sheria. Ila nauliza tu. Kampuni ya Disney ilisajili maneno "hakuna matata" kama alama yake ya biashara huko Marekani mwaka 2003, na watu walipolalamika mwaka 2018 usajili haukufutwa. Anayechukua maneno yetu ana hati, anayetutafsiria ana kesi. Jambo hili lina pande mbili, na semina zetu huzungumzia upande mmoja.

Mtu atasema siku hizi tunazo katuni zetu. Ni kweli na ni jambo la kushukuru. Ubongo Kids ilianza Dar es Salaam mwaka 2014, kwa Kiswahili. Akili and Me inamwonyesha binti mdogo anayeishi chini ya Kilimanjaro. Mkusanyiko wa Kizazi Moto wa mwaka 2023 una kazi za Ng'endo Mukii wa Kenya na Raymond Malinga wa Uganda. Lakini hizo tunazitazama kila mtu kwenye simu yake. Hakuna mzee wa nyuma wa kudakia "Vugha!"

Hitimisho

Banda lile bado lipo, ila sasa ni la mpira tu, na tamasha la Desemba limekufa. Watoto wana simu za wazazi. Mtafsiri yule simjui aliko. Nusu saa yake gizani haikurekodiwa na mtu, na pengine ndiyo kazi yake bora.

Natoa mapendekezo mawili. Idara yetu, inayotutuma kukusanya ngano na methali kwa wazee, itutume pia kwa watafsiri wa video kabla hawajaisha, tena twende na vinasa sauti, si kumbukumbu za utotoni kama hizi zangu. Na sisi wanafunzi tuliotoka Mombo, Mkumbara, Handeni, Kilindi na kwingineko tuache kucheka tunapoulizwa tutahakiki nini. Kila mmoja wetu alikaa kwenye benchi fulani. Aandike aliyoyasikia pale, na mhariri wa jarida hili ayapokee hata kama hayana tanbihi.

Yule mwenzetu wa mjini namjibu hivi: jumba la sinema kweli hatukuwa nalo. Lakini hebu aniambie, kwenye jumba lake umeme ukikatika, nani anaendelea?